Nauli ya Tembo Haiishii Uwanja wa Ndege

Twiga dume aliyekomaa hufikia urefu wa mita tano na ushei. Mlango mkubwa wa ubavuni wa Boeing 747 ya mizigo, ndege inayotumika sana kuhamisha wanyama wakubwa, una kimo cha takriban mita tatu. Hakuna tajiri, hata awe na fedha kiasi gani, anayeweza kumpitisha twiga mzima kwenye mlango huo akiwa amesimama. Kumlaza kwa dawa ya usingizi nako ni hatari: mwili wake umezoea shinikizo kubwa la damu linalofikisha damu kichwani, na akilala chini ya dawa chakula huweza kupanda kutoka tumboni na kumkaba. Kwa hiyo bustani ya wanyama ikitaka kumpeleka twiga mbali, humchukua akiwa bado mdogo. Siku ya kuachana na mama yake inapangwa na kimo cha mlango wa ndege, au cha daraja ambalo lori litapita chini yake.

Naanza na twiga kwa makusudi. Kila inapotangazwa kwamba mnyama mkubwa amehamishwa kutoka bara moja hadi jingine, swali la kwanza ni la bei. Kiasi kinatajwa, watu wanashangaa, wengine wanakasirika kwamba fedha hizo zingejenga zahanati, na mjadala unakwisha. Ninachodai mimi ni kwamba kiasi kinachotajwa mara nyingi ni cha sehemu fupi kuliko zote, yaani ndege au lori lenyewe. Mzigo mkubwa uko kabla ya injini kuwashwa na baada ya kreti, yaani sanduku la kusafirishia mnyama, kufunguliwa, na huko ndiko wafadhili wanakokuwa haba. Gharama hiyo isipolipwa kwa fedha haifutiki. Mnyama huilipa kwa umri wake, kwa viungo vyake, na wakati mwingine kwa uhai.

Jambo hili si la jana. Mwaka 1826 mtawala wa Misri, Muhammad Ali, alimpelekea Mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa zawadi ya twiga jike. Alivuka Mediterania kwenye merikebu iliyotobolewa sitaha ili shingo ipate pa kutokea, akafika Marseille. Hadi Paris zilibaki kilomita karibu 900. Ikaamuliwa atembee. Mwanasayansi Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, akiwa na miaka 55, aliongozana naye. Ng'ombe wa maziwa waliambatana na msafara kwa sababu twiga yule alikuwa akinywa maziwa, na alishonewa vazi la kumkinga na mvua. Safari ilichukua siku 41, na mnyama yule akaishi Paris hadi mwaka 1845. Kumtoa kwao na kumfanya zawadi ya wafalme ni jambo ambalo siwezi kulitetea. Lakini waliopanga ile safari ya nchi kavu walielewa jambo ambalo wengi waliokuja baadaye walilisahau: waliuacha mwendo uwe wa mnyama.

Jumbo hakupata bahati hiyo. Bustani ya wanyama ya London ilimuuza tembo huyo mwaka 1882 kwa mwenye sarakasi wa Marekani, P. T. Barnum, kwa pauni 2,000. Akavushwa Atlantiki kwa meli, na mapato ya maonyesho yakarudisha gharama haraka. Hesabu ya fedha ilikaa sawa kabisa. Mwaka 1885, huko St. Thomas, Ontario, treni ya mizigo ilimgonga na kumuua wakati akirudishwa kwenye behewa lake ili sarakasi ihamie mji mwingine.

Tuje kwenye usafiri wa leo. Kwa tembo kinachosumbua zaidi ni uzito na akili. Dume wa Asia anaweza kufikia tani tano, na kreti la chuma linalomtosha huongeza tani kadhaa. Linahitaji kreni, lori la shehena nzito, na ndege yenye sakafu inayohimili uzito huo mahali pamoja. Mkojo wa mnyama hula chuma cha ndege, kwa hiyo sakafu hutandikwa vizuizi. Joto na unyevu wa pumzi yake hubadilisha hewa ya chumba cha mizigo, kwa hiyo mitambo ya hewa huandaliwa kwa ajili yake, na abiria wa namna hiyo hawapangwi pamoja na shehena yoyote tu. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, zinaeleza kreti la kila aina ya mnyama linavyopaswa kuwa, kuanzia matundu ya hewa hadi mahali pa kumpa maji. Haya yote yana bei, na bei zake hujulikana mapema.

Kinachoshinda kukadiriwa ni mafunzo. Tembo hapaswi kusafirishwa akiwa amelala fofofo. Akilalia kifua, uzito wa mwili wake hubana mapafu, na asipoamka kwa wakati anaweza kufa. Anatakiwa aingie ndani ya kreti kwa miguu yake, asimame, mlango ufungwe nyuma yake, naye asipaniki. Hilo halinunuliwi siku ya safari. Kreti huwekwa kwenye banda lake wiki nyingi au miezi kabla, chakula kikatangulizwa mlangoni, kisha ndani kidogo, kisha mwisho kabisa, na mlango ukafungwa kwa dakika moja, kwa tano, kwa saa. Mhudumu anayemjua tembo huyo hana budi kuwapo siku zote hizo, na mara nyingi husafiri naye. Huo ni mshahara wa miezi mingi kwa kazi ambayo haina picha nzuri ya kuonyesha hadharani.

Tunajua kinachotokea kazi hiyo ikirukwa, maana mwaka 2020 bustani moja ilituonyesha njia zote mbili. Mei mwaka huo Mahakama Kuu ya Islamabad, Pakistan, iliamuru wanyama wa bustani ya Marghazar waondolewe kutokana na hali mbaya waliyokuwamo. Mmoja wao alikuwa Kaavan, tembo aliyeletwa mwaka 1985 kama zawadi kutoka Sri Lanka na aliyebaki peke yake tangu mwenzake alipokufa mwaka 2012. Timu ya shirika la Four Paws ilikaa naye miezi kadhaa. Walimpunguza uzito uliokuwa umezidi na kumzoeza kreti. Mwishoni mwa Novemba aliruka hadi Kambodia kwa ndege ya Urusi ya Ilyushin Il-76. Mwimbaji Cher alikuwa mstari wa mbele katika kampeni, na gharama iliyotajwa ilikuwa takriban dola 400,000 za Marekani. Dunia ilishangilia, na ilistahili kushangilia.

Lakini Julai, miezi minne kabla ya safari hiyo, simba wawili wa bustani hiyo hiyo walitakiwa kuhamishwa kwa amri ile ile ya mahakama. Hawakuzoezwa kitu. Watu waliwasha moto wa majani ndani ya kizimba chao ili kuwalazimisha watoke, moshi ukawajaa, na wote wawili wakafa. Safari yao ilikuwa ya ndani ya nchi, fupi na rahisi kuliko ya Kaavan kwa kila kipimo cha kilomita na mafuta. Anayetaka kujua kilichonunuliwa na dola 400,000 asitazame Il-76 peke yake. Atazame miezi ile ambayo tembo alikuwa akijifunza kwamba kreti si mtego.

Mfano wa Toronto unaonyesha jambo hilo kwa upande wa muda. Oktoba 2011 baraza la jiji lilipiga kura kwamba tembo watatu wa Afrika waliobaki kwenye bustani yake, Iringa, Toka na Thika, wapelekwe kwenye makazi ya shirika la PAWS (si lile la Four Paws) huko California. Walisafiri Oktoba 2013. Miaka miwili nzima ilikwenda kwenye mabishano, vipimo vya afya na maandalizi. Wazo la kuwapeleka kwa ndege lilifikiriwa likashindikana, hivyo wakaenda kwa malori, zaidi ya kilomita 4,000, usiku na mchana kwa siku tatu. Bob Barker, mtangazaji mstaafu wa televisheni, ndiye aliyebeba gharama hiyo kutoka mfukoni mwake. Iringa alikuwa ameshazeeka na viungo vyake vilikuwa vimeharibika. Aliishi California chini ya miaka miwili. Wapo waliosema basi fedha zilipotea. Sikubaliani nao. Baridi ya Kanada na sakafu ngumu si mahali pa kumalizia maisha kwa tembo mwenye viungo vibovu. Ninachojutia ni ile miaka miwili, ambayo kwa mnyama wa umri wake ilikuwa sehemu kubwa ya alichobakiza.

Fahamu pia nani hulipa kwa kawaida. Bustani zilizo ndani ya vyama vikubwa vya Ulaya na Amerika Kaskazini kwa kiasi kikubwa zimeacha kuuziana tembo, vifaru na wengineo wa spishi adimu. Hupeana kwa mkopo wa uzazi, yaani kuazimana wanyama ili wazaliane, na mara nyingi anayepokea ndiye hugharimia usafiri. Nia ni njema, kwa sababu uamuzi unapaswa kufuata damu ya mnyama na mahitaji ya kundi zima badala ya mnada. Lakini mnyama akishakuwa hana bei, nauli ndiyo inakuwa bei. Bustani yenye fedha humpata dume anayefaa. Bustani ndogo, hata iwe na wahudumu hodari na eneo pana, hukaa na jike asiye na mwenzi. Na kwa wanyama wenye kwato wanaotoka maeneo yenye ugonjwa wa miguu na midomo, karantini na masharti ya mifugo hupandisha gharama kiasi kwamba safari nyingi huishia kwenye karatasi.

Penye mnunuzi mwenye uwezo, milango hufunguka haraka. Machi 2016 tembo 17 kutoka Eswatini, wakati huo ikiitwa Swaziland, walipakiwa kwenye ndege moja ya Boeing 747 kwenda kwenye bustani tatu za Marekani: Dallas, Wichita na Omaha. Wa kumi na nane alikufa kabla ya safari. Bustani hizo ziliahidi kuchangia dola 450,000 kwa uhifadhi wa vifaru huko walikotoka. Watetezi wa mpango walisema ukame na wingi wa tembo vingesababisha wauawe. Wapinzani walisema bustani zilihitaji damu mpya, na ukame ukawa sababu iliyofaa wakati ule. Nawaelekea wapinzani kwa sababu moja: gharama zote zilielekezwa kuwatoa tembo kwenye mazingira yao, wakati hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba mazingira hayo ndiyo yenye shida. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilibana sana biashara ya namna hiyo kwa tembo wa porini wa Afrika, na nadhani zilifanya vizuri.

Safari za kurudi nazo zina mtego wake. Julai 2021 taasisi ya Aspinall ya Uingereza ilitangaza mpango wa kuwapeleka Kenya tembo 13 wa bustani ya Howletts iliyoko Kent, kwa ndege ya mizigo. Mchoro wa tembo ndani ya ndege ulienea kila mahali. Punde wizara ya utalii na wanyamapori ya Kenya ikasema kwamba si yenyewe wala shirika lake la wanyamapori, KWS, lililokuwa limehusishwa. Huo ni mfano kamili wa ninacholalamikia. Ndege ilikuwa imeshafikiriwa, na mwenye ardhi ambako tembo hao wangeishi miaka hamsini ijayo alisikia habari pamoja na watu wengine.

KWS wenyewe walikuwa na somo chungu. Katikati ya mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa hadi Tsavo Mashariki kutoka Nairobi na Nakuru. Safari yao haikuwa ya mabara, na haikuwa safari iliyowaua. Maji ya kisima waliyopewa walikofikia yalikuwa na chumvi nyingi. Kadiri walivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, nao wakazidi kunywa. Kumi wakafa, na wa kumi na moja akashambuliwa na simba. Kupima maji kwa umakini na kusubiri ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na malori, madaktari na helikopta za kuwakamatia. Haikuwamo mahali pake kwenye mpango.

Kwa upande mwingine, Juni 2019 vifaru weusi watano waliozaliwa kwenye bustani za Ulaya walisafirishwa zaidi ya kilomita 6,000 hadi Akagera, Rwanda. Kwanza walikusanywa Dvůr Králové huko Jamhuri ya Cheki ili wazoeane na kreti. Walipofika hawakufunguliwa porini siku ile ile. Waliwekwa kwenye zizi dogo, kisha eneo kubwa zaidi, hatua kwa hatua, wakiangaliwa kwa maradhi ambayo miili yao ya Ulaya haikuwahi kukutana nayo. Mtu anayetazama tu umbali atasema Tsavo ilikuwa kazi rahisi na Akagera kazi ya hatari.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka baharini. Keiko, nyangumi muuaji aliyekuwa nyota wa filamu ya mwaka 1993, alitolewa Mexico City Januari 1996 akiwa dhaifu na mwenye vidonda vya ngozi, akapelekwa Oregon kwa ndege ya mizigo. Septemba 1998 jeshi la anga la Marekani lilimpeleka Iceland kwa ndege ya C-17. Zilikuwa safari mbili kubwa, zilizorushwa kwenye televisheni, na kila moja iliisha ndani ya siku moja au mbili. Baina yake na baada yake kulikuwa na bwawa jipya, samaki wa kila siku, madaktari, boti za kumfuata alipoanza kuzoezwa bahari, na wahudumu waliobaki naye hata alipoogelea mwenyewe hadi Norway. Alikufa huko Desemba 2003. Jumla ya mradi ilipita dola milioni 20. Nauli za ndege zilikuwa kipande kidogo cha fedha hizo, na wale waliolipa waliendelea kulipa hadi siku ya mwisho. Watu hubishana kama alifaulu kurudi porini. Mimi naona kwamba angalau hakutelekezwa.

Panda wa Finland walikuwa na mwisho mwingine. Bustani ya Ähtäri iliwapokea panda wawili kutoka China Januari 2018 kwa mkataba wa miaka 15. Ilijenga makazi yaliyogharimu yuro milioni 8. Matunzo yao pamoja na malipo kwa China yalifikia yuro milioni 1.5 kila mwaka. Janga la korona likakata wageni, bei zikapanda, na Novemba 2024 panda wakarudishwa kwao, miaka minane kabla ya mkataba kwisha. Kwa hiyo wanyama wawili wakasafirishwa kati ya mabara mara mbili kwa sababu hesabu ya miaka haikuwa imefungwa vizuri kama hesabu ya ndege.

Upo usafiri mwingine unaopunguza bili na mateso kwa pamoja, na sielewi kwa nini hausifiwi zaidi. Mwaka 2013 huko Vienna, bustani ya Schönbrunn ilipata mtoto wa tembo ambaye baba yake ni dume wa porini wa Afrika Kusini. Dume huyo hakupanda ndege. Mbegu zake zilisafiri zikiwa zimegandishwa, na yeye akabaki na maisha yake. Vivyo hivyo, Desemba 2009 vifaru weupe wa kaskazini wanne, Sudan, Suni, Najin na Fatu, waliletwa Ol Pejeta, Kenya, kutoka Dvůr Králové, kwa matumaini kwamba hali ya nchi ingewasaidia kuzaa. Hawakuzaa. Sudan alikufa Machi 2018. Mwaka uliofuata wanasayansi walianza kuvuna mayai ya Najin na Fatu na kuyapeleka kwa ndege kwenye maabara ya Cremona, Italia. Kilichokuwa kikihitaji kreti nne kubwa sasa kinabebwa kwenye chombo kidogo cha kudhibiti joto. Kazi hiyo haina uhakika, na kumlaza kifaru kwa dawa ili kuvuna mayai nako kuna hatari yake. Lakini kama shabaha ya safari ni damu mpya peke yake, bustani inayotaka kumhamisha dume mzima inapaswa kwanza kueleza kwa nini mbegu zake hazitoshi.

Kwa wale ambao lazima wasafiri, kanuni ya kuanzia ipo tayari. Kwa spishi zilizo hatarini zaidi, CITES inadai kwamba kabla kibali cha kuingiza mnyama hai hakijatolewa, mamlaka husika iridhike kuwa anayempokea ana vifaa na uwezo wa kumhifadhi na kumtunza. Kwa sehemu kubwa hilo hukaguliwa kwa kutazama banda, uzio na idadi ya madaktari siku hiyo. Ningependa litazamwe kwa miaka. Anayempokea tembo wa miaka 20 aonyeshe fedha za matunzo zilizotengwa mahali asipoweza kuzigusa kwa kazi nyingine, na aonyeshe mkataba wa nani atamchukua endapo bustani itafungwa. Mfadhili anayetaka jina lake liandikwe kwenye ndege aambiwe kwamba nusu ya mchango wake itakwenda kwenye nyasi na dawa.

Watasema sharti hilo litachelewesha, na wanyama wengine hawana muda. Ni kweli, na linaniuma. Lolita, nyangumi aliyekamatwa mwaka 1970 na kuwekwa Miami, alitangaziwa Machi 2023 mpango wa kurudishwa kwenye bahari ya kwao. Mfadhili alikwishapatikana. Alikufa Agosti mwaka huo huo kabla ya kuondoka. Lakini zaidi ya miaka 50 aliyokaa kwenye bwawa lile haikutokana na sharti la kuonyesha fedha za matunzo. Ilitokana na wenye bwawa kutotaka aondoke. Kwa mnyama aliye hatarini kufa, mamlaka inaweza kuruhusu safari kwanza na kudai fedha ndani ya muda uliowekwa. Kwa panda, kwa tembo wa mkopo wa uzazi, kwa twiga mchanga anayekimbizwa kabla hajapita kimo cha mlango, haraka hiyo haipo.